Profesa aliyekosea uchumi akapatia siasa

Rafiki yangu mmoja, tulisoma wote sekondari, yuko Marekani mwaka wa kumi na ngapi sijui, 2020 alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja kubwa na corona ilipopiga hodi akawa kwenye kundi la kwanza kuambiwa kesho msije. Akanipigia usiku wa manane wa huku, kachanganyikiwa. Nikamwambia tulia, si kuna ile hela ya wasio na kazi huko kwenu, na mwaka huo serikali kuu ilikuwa inaongeza dola 600 kwa wiki juu yake, sisi huku tunasoma habari tunameza mate tu. Akasema ipo, ila mwajiri kaandika kwamba mimi ndo niliacha kazi mwenyewe, kwa hiyo malipo yamesimama mpaka nikajieleze. Hapo nikashindwa kuelewa. Kampuni imekupunguza, imeokoa mshahara wako, halafu inapoteza muda kukuwekea pingamizi kwenye hela ya serikali, inapata nini? Jamaa akacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka. "Siyo ya serikali bwana. Nikilipwa mimi, kodi yao inapanda."

Nilidhani ananitania. Nikaanza kufuatilia hiyo sheria imetoka wapi na kila njia niliyopita ikanirudisha sehemu moja, Madison, mji mkuu wa Wisconsin, baridi ya mwisho wa 1931 kuingia 1932, na kwa mtu mmoja ambaye jina lake nilikuwa nalijua kidogo tu kutoka vitabu vya kodi, Harold Groves. Mwalimu wa uchumi Chuo Kikuu cha Wisconsin, na wakati huohuo mbunge wa jimbo. Jimbo hapa ni kwa maana ya Kimarekani, yaani Wisconsin nzima ambayo ina bunge lake, seneti yake na gavana wake, siyo jimbo la uchaguzi kama letu.

Kwa aliyewahi kufika Madison atakuambia ule mji umekaa kimaajabu. Jengo la bunge liko upande mmoja, chuo kikuu kiko upande wa pili, katikati kuna barabara moja inaitwa State Street, haizidi sana maili moja. Profesa anamaliza kipindi asubuhi, anavaa koti, anatembea, anafika kwenye kamati ya bunge kabla chai haijapoa. Na hawakutembea bure. Wisconsin ndo jimbo lililotunga mwaka 1911 sheria ya fidia kwa wafanyakazi wanaoumia kazini na kodi ya mapato iliyofanya kazi kweli, na nyuma ya mambo hayo kulikuwa na walimu wa chuo wanaoandika rasimu. Walikuwa na jina lake kabisa, Wazo la Wisconsin, kwamba mipaka ya chuo ndo mipaka ya jimbo. Ila wengi wao waliishia kuandika tu, kura walipiga wengine. Groves alivuka barabara akaenda kukaa kwenye kiti chenyewe.

Mkubwa wao wote alikuwa John R. Commons, mzee wa uchumi wa kazi pale chuoni, ambaye kila Ijumaa jioni alikusanya wanafunzi wake wakabishana. Commons aliiangalia ile sheria ya ajali ya 1911 akaona kitu. Kabla yake mtu akikatwa mkono na mashine ilikuwa shauri yake na familia yake. Baada ya sheria mwajiri akawa analipa, na bili zilipoanza kuingia ghafla kila mwenye kiwanda akagundua kwamba kumbe mashine inaweza kuwekewa kinga. Miaka yote walikuwa wanasema ajali ni mapenzi ya Mungu, bili ikaja, mapenzi ya Mungu yakapungua. Commons akajiuliza, sasa kwa nini tusifanye hivohivo kwa kuachishwa kazi? Mwenye kiwanda anaajiri watu 300 msimu wa oda nyingi, msimu ukiisha anatupa 200 barabarani, gharama anaibeba mwenye duka anayekopesha unga, kanisa, na mke wa mtu. Mbebeshe mwenye kiwanda uone kama hatajifunza kupanga kazi zake mwaka mzima.

Nimependa sana neno walilochagua. Watu wa Wisconsin hawakupenda kuiita bima, waliiita fidia. Bima ni watu wengi kuchangia janga ambalo hakuna aliyelisababisha. Fidia ina mkosaji, kuna mtu kakuumiza na anakulipa. Kwa Kiswahili hatuhitaji hata kufafanua, ukisema nadai fidia kila mtu anageuka kuangalia unamdai nani.

Commons aliandika muswada, seneta mmoja anaitwa Huber akaupeleka mwaka 1921, ukaanguka. Ukarudi tena na tena miaka ile ya 20, kila mara unaanguka. Wenye viwanda walisema hoja ambayo hata leo haijazeeka, kwamba jimbo moja likijitwisha mzigo huu peke yake viwanda vitahamia Illinois au Michigan. Na wakulima, ambao Wisconsin ndo wenye kura, watu wa ng'ombe wa maziwa na jibini, hawakuona inawahusu nini. Mkulima haachishwi kazi. Mkulima anaamka saa kumi usiku akamue, bei iwe nzuri iwe mbaya, sasa uje umwambie kuna mtu wa mjini atalipwa akiwa amekaa?

Halafu ikaja 1929, soko la hisa likaanguka, na kufika uchaguzi wa Novemba 1930 kila kitu kimekwenda kombo. Uchaguzi huo Philip La Follette, mtoto wa yule mwanasiasa mkubwa Robert La Follette, akachaguliwa gavana, na Groves akaingia bunge la jimbo, wote kwa tiketi ya Republican upande wa wanamaendeleo, maana huko wakati ule chama kimoja kilikuwa na makundi mawili yanayochukiana kuliko yanavyochukia chama pinzani (hii nayo si ngeni kwetu). Wote wawili wamezaliwa 1897, miaka 33. Ukiangalia umri huo na kazi waliyokuwa wanaiendea unaweza kuogopa.

Groves hakuwa peke yake na watu wakimtaja peke yake wanakosea. Muswada aliupika na Paul Raushenbush na mkewe Elizabeth Brandeis, wote walimu wa uchumi hapohapo chuoni, wote wametoka mikononi mwa Commons. Elizabeth ni binti wa Louis Brandeis, jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Hilo jina liweke pembeni, tutarudi.

Sasa angalia walichofanya, maana hapa ndo utamu wa habari ulipo. Waliuchukua muswada wa Commons wakaufanya kuwa mdogo. Kila mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 10 anafunguliwa akaunti yake peke yake. Anaweka asilimia 2 ya mishahara anayolipa. Akiba ikifika dola 55 kwa kila mfanyakazi anashuka mpaka asilimia 1, ikifika dola 75 haweki kitu kabisa mpaka itakapopungua. Ukiachishwa kazi unalipwa nusu ya mshahara wako, isizidi dola 10 kwa wiki, isizidi wiki 10 kwa mwaka. Inatoka kwenye akaunti ya bosi wako, siyo ya jirani yake. Na akaunti ya bosi wako ikikauka, pole, hakuna pa kwenda. Serikali ya jimbo haiweki senti yake kwenye mafao na mfanyakazi naye hachangishwi.

Ukisoma kama mchumi unasikitika. Ukisoma kama mtu aliyewahi kuomba kura unasimama unapiga makofi. Kila kipengele pale kina kundi la wapiga kura nyuma yake. Serikali haichangii, kwa hiyo mkulima hapandishiwi kodi ya shamba. Vibarua wa mashambani wametolewa, wafanyakazi wa majumbani pia, kwa hiyo mkulima hana anachodaiwa hata kidogo, na mtu ambaye hadaiwi ni rahisi kumwambia hebu waone hawa mabosi wa mjini wanavyotupa watu wao kwenye misaada ya kata, si bora walipe wenyewe? Mfanyakazi hachangii, kwa hiyo shirikisho la vyama vya wafanyakazi la jimbo likaunga mkono japo fao ni dogo. Mwajiri mwenye kiwanda kilichotulia anaona kabisa mbele ataacha kulipa, kwa hiyo hana sababu ya kupigana hadi kufa, na yule mwenye kiwanda cha msimu anabaki peke yake kwenye kona akipiga kelele. Wakaongeza na mtego mmoja mtamu: kama waajiri wenyewe kwa hiari yao wataanzisha mipango yao ya kufunika wafanyakazi 175,000 kabla ya tarehe iliyowekwa, basi sheria haitawalazimisha. Yaani anayesema hatutaki kulazimishwa, tutafanya wenyewe, anaambiwa haya, fanya. Hawakufanya.

Bunge likaunda kamati, kamati ikazunguka mijini kusikiliza watu mwaka 1931, La Follette akaita kikao maalum mwezi Novemba, na tarehe 28 Januari 1932 akasaini. Sheria ya kwanza Marekani ya kumlipa mtu aliyepoteza kazi. Uingereza walikuwa nayo tangu 1911, Ujerumani tangu 1927, Marekani hakuna hata jimbo moja, mpaka wakaja walimu watatu wa chuo na mmoja wao akiwa na kiti bungeni.

Haijapita miezi miwili, Machi 1932, yule baba mkwe wa Raushenbush, Jaji Brandeis, akaandika maoni ya kutokukubaliana na majaji wenzake kwenye kesi ya leseni ya biashara ya barafu Oklahoma, na humo ndo akaweka lile wazo ambalo Wamarekani wanalinukuu mpaka limechakaa, kwamba jimbo moja lenye ujasiri linaweza kuwa maabara, likajaribu mambo bila kuhatarisha nchi nzima. Kesi ni ya barafu, sawa. Lakini mzee alikuwa anajua binti yake ametoka kufanya nini Madison, na mi siwezi kusoma ile aya bila kumuona Elizabeth kwa nyuma.

Haya, tuje kwenye uchumi. Wakosoaji hawakusubiri. Jimbo la Ohio kulikuwa na tume yao ya jambo hilihili, ndani yake watu kama William Leiserson, naye amewahi kuwa mwanafunzi wa Commons, na Isaac Rubinow ambaye bima aliijua kuliko mtu yeyote nchini mle. Wakasema nyie Wisconsin mmechanganya mambo. Ajali ya mashine mwenye kiwanda anaweza kuizuia kwa sababu mashine iko ndani kwake. Mdororo hauko ndani kwake. Kiwanda cha mashine za kilimo kikikosa oda kwa sababu wakulima wa nchi nzima wamefilisika, mwenye kiwanda apange nini? Kwa hiyo wao wakataka mfuko mmoja wa jimbo zima, waajiri wachangie asilimia 2, wafanyakazi asilimia 1, fao lifike dola 15 kwa wiki 16. Mfuko mmoja maana yake kiwanda kilichokauka wafanyakazi wake wanabebwa na kilichopona. Hiyo ndo bima. Ya Wisconsin, walisema, ni kibubu chenye jina la kampuni, kinavunjika siku ambayo kinahitajika. Paul Douglas wa Chicago, yule wa Cobb-Douglas, ile fomula ya uzalishaji ambayo kila aliyepita uchumi Mlimani au Makerere aliikariri usiku wa mtihani, naye alikuwa upande wa mfuko wa pamoja.

Na walikuwa sahihi. Sioni namna ya kumtetea Groves hapa, mwaka ambao nchi inaelekea kwenye robo nzima ya nguvukazi kukosa ajira, unaandika sheria inayodhani tatizo ni mabosi wasiojua kupanga ratiba. Na ushahidi ni huu: sheria ilipaswa kuanza kazi 1933, hali ikawa mbaya kiasi kwamba bunge likasogeza mbele mwaka mzima ili viwanda visizidi kufa. Michango ikaanza Julai 1934. Malipo ya kwanza yakatoka Agosti 1936, hundi ya dola 15 kwa mtu mmoja pale Madison. Hesabu mwenyewe, kutoka saini mpaka hundi ni miaka minne na nusu, na waliofutwa kazi kwenye mdororo ule, ambao ndo waliojaza ukumbi kutoa ushahidi kwenye kamati, kwa kipindi kile hawakuona kitu.

Ila inabidi niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Kuna aina ya kupunguzwa kazi ambayo Commons na Groves waliipatia. Ile ya kaa nyumbani wiki sita tutakuita. Miaka ya 1970 Martin Feldstein wa Harvard, ambaye kisiasa alikuwa mbali sana na watu wa Wisconsin, alionyesha kwamba pale kampuni isipobeba gharama yote ya fao la watu wake, inapata kishawishi cha kuwatuma nyumbani watu kwa muda kwa sababu likizo yenyewe inalipiwa na wengine. Kwa hiyo ile hoja ya bili kumfundisha bosi adabu siyo ujinga. Ni hoja ya nyakati za kawaida iliyopitishwa kwenye gharika.

Swali ninalojiuliza ni kama Groves mwenyewe alijua. Na mi naamini alijua vizuri tu kwamba mfuko wa Ohio ni bora kwenye karatasi, hakuwa mtu wa kushindwa kuelewa hesabu ile. Lakini Ohio pamoja na ripoti yao nzuri hawakupitisha sheria mwaka huo wala uliofuata. Wao walikuwa na ripoti, Wisconsin walikuwa na mbunge. Profesa anayeandika ripoti anajibizana na maprofesa wengine, akikosea anaumbuliwa kwenye jarida. Profesa aliyekaa bungeni anajibizana na mtu wa ng'ombe 20 kutoka kijijini ambaye anauliza swali moja tu, mimi nalipa ngapi? Groves alikuwa na jibu la swali hilo, sifuri. Jibu hilo ndo lililopitisha sheria, na jibu hilohilo ndo lililoiharibu, maana mfuko ambao hakuna anayechangia zaidi ya bosi mmoja kwa watu wake haiwezekani ukawa bima.

Huku kwetu tumezoea kulalamika kwamba maprofesa wakiingia siasa wanageuka, elimu wanaiacha getini. Kibaki alifundisha uchumi Makerere, fedha za umma ndo lilikuwa eneo lake kama Groves, akaingia Bunge la Kenya 1963 akatoka 2013, nusu karne, na mpaka leo watu wanabishana ni lini alikuwa mchumi na ni lini alikuwa mwanasiasa. Mi nadhani lile lalamiko limekaa vibaya. Haachi kitu getini, anaingia nacho ila humo ndani kinapimwa kwa mizani nyingine, na kinachotoka siyo elimu safi wala siasa tupu. Kinatoka kitu kama Groves, kibovu kwa vipimo vyote viwili ila kipo, kinafanya kazi, na watu wanapokea hundi.

Kilichofuata kinahitaji subira kidogo ila kinaeleza kwa nini rafiki yangu alipigwa pingamizi miaka 88 baadaye.

Shida ya viwanda kuhamia jimbo jingine ilikuwa bado ipo. Brandeis mzee ndo aliyeona mlango. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ilikubali, kwenye kesi ya Florida dhidi ya Mellon, serikali kuu itoze kodi ya mirathi halafu imsamehe sehemu kubwa yule ambaye tayari ameilipa kwenye jimbo lake. Sasa fanya hivohivo kwa kodi ya mishahara: Washington inamtoza kila mwajiri nchi nzima, lakini ikiwa jimbo lako lina sheria yake ya kukosa ajira unasamehewa karibu yote. Jimbo lisilo na sheria waajiri wake wanalipa vilevile, ila hela inakwenda Washington na haiwarudii. Hapo kuna haja tena ya kuhamisha kiwanda? Wazo likapita kwa mkwe na binti, likamfikia waziri wa kazi Frances Perkins na Seneta Wagner. Na Rais Roosevelt alipounda kamati ya kuandika sheria ya hifadhi ya jamii 1934, mkurugenzi akawa Edwin Witte, anayeongoza bodi ya wataalamu ni Arthur Altmeyer. Wote wa Wisconsin, wote wanafunzi wa Commons. Unaona ule mtaa wa maili moja ulivyorefuka.

Sheria ikasainiwa Agosti 14, 1935. Kodi ya asilimia 1 mwaka 1936, 2 mwaka 1937, 3 kuanzia 1938, kwa waajiri wa watu 8 na zaidi, na msamaha wa asilimia 90. Kufika katikati ya 1937 majimbo yote 48 yalikuwa na sheria. Mengi yakachagua mfuko wa pamoja kama walivyotaka watu wa Ohio, na Wisconsin wenyewe vibubu vyao baadaye wakaviwekea mfuko wa kuziba pengo. Kwa hiyo Ohio walishinda mfuko. Lakini Wisconsin walibakiza kitu kimoja ndani ya sheria, kwamba kiwango cha kodi ya mwajiri kifuate historia yake, ukipunguza watu wengi kinapanda, usipopunguza kinashuka. Hicho kipo mpaka leo. Kodi ya serikali kuu sasa ni asilimia 6 na msamaha 5.4, piga hesabu ni ileile 90, inatozwa kwenye dola 7,000 za kwanza za mshahara wa mwaka, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1983.

Na hapo ndo dawa ilipogeuka. Groves na wenzake walidhani bosi akiona bili atajifunza kutokuachisha watu. Hawakufikiria, au hawakutaka kufikiria, kwamba kuna njia ya mkato: unaachisha watu kama kawaida, halafu unapambana wasilipwe. Andika ameacha mwenyewe. Andika utovu wa nidhamu. Kuna kampuni kabisa kazi yao ni kushughulikia madai haya kwa niaba ya waajiri, wanajibu barua, wanahudhuria rufaa, na mpakia mizigo ambaye Kiingereza chake ni cha kuungaunga anakutana nao peke yake. Ile mashine iliyokatakata mikono huwezi kuiandika kwamba imejikata yenyewe. Mtu unaweza. Hiyo ndo tofauti kati ya ajali na kuachishwa kazi ambayo hata wale wakosoaji wa Ohio, kwa nilivyowasoma, hawakuikazia, wao walikazania mdororo.

Kuna siku nilikuwa naeleza haya kwa jamaa wa hapa ofisini akasema sisi afadhali basi. Afadhali ipi? Tanzania 2018 lilipofutwa fao la kujitoa tukapewa fao la kukosa ajira, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita kwa wanaostahili, na inatoka kwenye mfuko wa pensheni tuliouchangia wenyewe. Mwajiri akipunguza mmoja au mia, mchango wake haubadiliki. Hata mfuko wa fidia ya ajali kazini sasa hivi waajiri wanachangia kiwango kimoja, asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa hiyo bosi wa huku hana sababu ya kukuwekea pingamizi, kweli, na hana sababu ya kufikiria mara mbili kabla ya kukupa barua pia. Groves angekuja kutukosoa kwa hilo na sidhani kama tungekuwa na majibu mazuri.

Yeye mwenyewe hakudumu siasani. Alikaa kwenye tume ya kodi ya Wisconsin, akarudi tena bungeni katikati ya miaka ya 1930, safari hii seneti ya jimbo kwa tiketi ya chama kipya cha Progressive, halafu akarudi darasani na darasani ndo alikaa mpaka uzee. Waliopita mikononi mwake ni pamoja na Walter Heller, ambaye alikuja kuwa mwenyekiti wa washauri wa uchumi wa Rais Kennedy, na Joseph Pechman wa Brookings, ile taasisi ya utafiti ya Washington, na ukisoma habari zake nyingi wanamkumbuka kwa wanafunzi hao na kwa vitabu vyake vya kodi. Ile miaka michache ya bungeni inapewa sentensi moja. Mi ningegeuza. Heller angepata mwalimu mwingine. Muswada ule sijui kama ungepata mbunge mwingine, ulikuwa umesubiri tangu 1921.

Rafiki yangu alisikilizwa kwa simu, dakika 40, na mkalimani ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha Bukavu na yeye ni mtu wa Tanga, kuna sehemu wakaanza kubishana wao kwa wao neno kusimamishwa lina maana gani. Mwajiri hakutokea. Akalipwa na malimbikizo yote. Miezi miwili baadaye ghala likamwita tena, akarudi, na mpaka leo hajui kama kodi yao ilipanda.